Adèle Alipolala: Meli za Moshi na Wanawake wa Ziwa Tanganyika

Mwaka 1976 kampuni ya Casterman ya Ubelgiji, ile ile iliyochapa vitabu vya Tintin, ilitoa kitabu cha katuni ambacho shujaa wake hakuwa kijana wa kiume mwenye mbwa mweupe. Alikuwa mwanamke, jina lake Adèle Blanc-Sec, mwandishi wa riwaya za kusisimua, mkazi wa Paris ya mwaka 1911. Mchoraji wake, Mfaransa Jacques Tardi, alimpa uso wa kununa, kofia, koti refu na ulimi mkali. Akamzungushia wanaume wa kila namna ya upumbavu: mapolisi wasioona lililo mbele yao, wataalamu waliorukwa na akili, majambazi wanaosalitiana wao kwa wao. Katika kitabu cha kwanza, yai la mjusi arukaye, lililohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Jardin des Plantes, linaanguliwa, na mnyama ambaye dunia ilikwisha kumsahau anaanza kuua watu mjini. Adèle haogopi. Ana shughuli zake, na mjusi anaziingilia.

Aina hii ya hadithi ilikuja kupata jina baadaye. Mwaka 1987 mwandishi wa Marekani K. W. Jeter alibuni neno ambalo kwa matamshi yetu ni stimupanki, akimaanisha hadithi zinazorudi kwenye zama za boila, makaa na chuma cha ribiti, kisha kuziongezea mitambo ambayo zama zile hazikuwahi kuwa nayo. Tardi alikuwa ametangulia kwa zaidi ya miaka 10. Hata kabla ya Adèle, mwaka 1974, alikwisha kuchora Le Démon des glaces, hadithi ya meli, barafu na wanasayansi waovu, kwa mistari inayoiga picha za kuchongwa za matoleo ya kale ya Jules Verne. Kwa hiyo anayefungua vitabu hivi leo anasoma mwanzo wa fani nzima: mvuke, siri, mitambo, na katikati yake mwanamke asiyetikisika.

Lakini maisha ya Adèle yana pengo. Vitabu vinne vya mwanzo vilitoka kati ya 1976 na 1978, na mwishoni mwa cha nne anauawa. Mwili wake unagandishwa. Katika kitabu cha tano, cha mwaka 1981, anafufuliwa, na Vita vya Kwanza vya Dunia vimekwisha. Tardi, ambaye katika kazi zake nyingine amechora mahandaki ya vita hivyo kwa uchungu mkubwa, alimlaza shujaa wake muda wote wa mapigano.

Msomaji wa Kalundu, bandari ya Uvira, ana haki ya kusimama hapo kidogo. Katika miaka hiyo hiyo ambayo Adèle alilala, mambo ambayo Tardi angeweza kuyachora bila kutia chumvi yalikuwa yakitendeka katika ziwa letu: meli iliyofunguliwa vipande vipande ikafungwa masandukuni, mashua za vita zilizopanda mlima, ndege zilizoruka kutoka majini, kamanda aliyevaa sketi. Na wanawake walikuwepo. Walibeba maji.

Puto lililopaa kutoka Unguja

Nasaba ya hadithi hizi inapita Uvira. Tarehe 26 Aprili 1858 mitumbwi ya Kannena, mkuu mmoja wa Ujiji, ilifika hapa ikiwa na Waingereza wawili wagonjwa, Richard Burton na John Hanning Speke, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani India tangu utotoni, akarudi Afrika akiwa mtu huru na kuwa mkalimani wao. Burton alikuwa na vidonda ulimini, hata kusema kulimshinda. Walitaka kujua jambo moja tu: Rusizi, mto wa kaskazini, inatoka ziwani au inaingia ziwani? Kama inatoka, huenda hapo ndipo chanzo cha Nile. Wenyeji walijibu bila kusitasita kwamba inaingia. Burton alivunjika moyo, msafara ukageuka kurudi kusini. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kaskazini mwa ziwa kujionea kwa macho yao, wakakuta wenyeji walisema kweli.

Habari za safari ya Burton na Speke zilisomwa Ulaya kwa hamu kubwa, na kati ya waliozitumia ni Jules Verne. Katika riwaya yake Cinq semaines en ballon, iliyotoka mwaka 1863, daktari Fergusson anataka kuunganisha njia waliyopita Burton na Speke na ile aliyopita Heinrich Barth upande wa magharibi. Puto lake linapaa kutoka Zanzibar. Halifiki Uvira, linapita Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kisha linashika njia ya Nyanza na Nile. Hata hivyo, ramani aliyoanzia Verne ilikuwa na jasho la wapiga makasia wa Tanganyika ndani yake.

Verne aliwaachia urithi waandishi na wachoraji wa miaka mia iliyofuata, Tardi akiwa mmoja wao. Walirithi uzuri wa chombo, furaha ya kuvumbua, hofu ya mtaalamu anayejifanya Mungu. Walirithi pia upofu mmoja. Katika hadithi hizi chombo kinapaa, mhandisi anasifiwa, na aliyebeba vipande vya chombo hana jina wala uso.

Bibi aliyekuja kwa kiti

Mfano wa kwanza wa mwanamke wa namna ya Adèle katika ziwa hili haukutoka kitabuni. Edward Hore, baharia wa Chama cha Misheni cha London, alikuwa Ujiji tangu miaka ya 1870, akipima ziwa na kuota meli. Mkewe, Annie Hore, aliamua kumfuata. Njia ya wapagazi kutoka pwani haikuwa na gari wala farasi, naye alikuwa na mtoto mdogo wa kiume. Basi alisafirishwa katika kiti cha magurudumu, cha aina waliyotumia wagonjwa wa Uingereza. Njia zilikuwa nyembamba na zenye mawe mno kwa magurudumu, kwa hiyo kiti kikachukuliwa na wapagazi. Hivyo ndivyo alivyofika Tanganyika. Mwaka 1886 alichapisha London kitabu kuhusu safari hiyo, na kiti chenyewe kikaingia katika jina la kitabu.

Baadaye familia hiyo iliishi kisiwa cha Kavala, upande wa magharibi wa ziwa, katika maji ambayo leo ni ya Congo, na Bibi Hore akafundisha wasichana pale. Ni mtu wa kustahiwa. Alivuka nchi ambayo wanaume wengi wa kwao waliikimbia au waliifia. Lakini kitabu chake, kama vingi vya wakati ule, kimejengwa juu ya mabega ya watu ambao hatuwaoni vizuri. Kila hatua ya kiti kile ilikuwa hatua ya mpagazi.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa meli ya kwanza ya moshi ziwani humu. Iliitwa Good News, mali ya misheni hiyo hiyo. Vipande vyake vilipitia mto Zambezi, mto Shire na ziwa Nyasa, kisha vikachukuliwa nchi kavu hadi kusini mwa Tanganyika, na mwaka 1885 ikashushwa majini. Tangu siku hiyo sheria ya ziwa hili ilikuwa moja: chombo kikubwa hakiji kikielea. Kinakuja kwa vipande, vichwani na mabegani, na kinazaliwa upya ufukoni.

Masanduku 5,000

Wajerumani walifuata sheria hiyo kwa kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia. Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, walijenga meli kwa ajili ya Tanganyika. Kisha wakaifungua, wakaitia katika masanduku 5,000, wakaisafirisha kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mapema mwaka 1914 baada ya kukata nchi kwa zaidi ya kilometa 1,200. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja nayo ili waiunganishe pamoja na vibarua wa Kiafrika. Vita vikawakuta kazini.

Vita hivyo vilifika upande wetu haraka kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Ulaya kuanza kupigana, Wajerumani walishambulia Mokolubu, kusini mwa Uvira, wakaharibu mitumbwi na kukata waya wa simu. Wiki iliyofuata, tarehe 22 Agosti, meli yao Hedwig von Wissmann iliipiga Alexandre Delcommune, meli ya moshi ya Wabelgiji, kule Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie. Mwezi Novemba ikaja zamu ya Good News, iliyokuwa imechoka kwa uzee. Nayo ikaharibiwa kusini mwa ziwa. Kabla mwaka haujaisha, Wajerumani walikuwa ndio wenye ziwa.

Yafaa kukumbuka kwamba waliopoteza kitu wa kwanza kabisa hawakuwa wenye meli. Walikuwa wenye mitumbwi. Mtumbwi ni riziki. Bila huo hakuna ndagala, hakuna mukeke, hakuna cha kupeleka sokoni. Historia za vita zinauhesabu uharibifu wa Mokolubu katika sentensi moja, kisha zinakwenda kwenye mizinga.

Tarehe 5 Februari 1915 meli ya masanduku ilishushwa majini Kigoma. Ilipewa jina la Graf von Goetzen, gavana wa zamani aliyetawala wakati wa Vita vya Maji Maji. Ilikuwa na urefu unaokaribia meta 70, na hakuna chombo ziwani kilichoweza kusimama mbele yake. Miezi michache baadaye ikapewa mzinga wa milimeta 105 uliookolewa kutoka Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyomalizikia katika mto Rufiji mwezi Julai 1915. Kutoka Kigoma hadi Usumbura, ndiyo Bujumbura, Goetzen ilibeba askari na shehena. Kutoka Uvira hadi Usumbura ni maji matupu, na moshi wa meli huonekana mbali.

Mashua zilizopanda mlima

Jibu la Waingereza lilianza na mwindaji. Mwezi Aprili 1915 John R. Lee, aliyeijua Afrika ya kati, alikwenda kwa wakubwa wa jeshi la majini London na wazo la kichaa: zipelekwe mashua ndogo za kasi hadi Afrika Kusini, zipandishwe reli hadi Katanga, zikokotwe kuvuka milima, zishushwe Tanganyika kwa upande wa Congo. Wazo likakubaliwa. Mashua mbili zikapatikana, kila moja yapata meta 12, na zikaitwa Mimi na Toutou. Amri ya msafara akapewa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa aliyekuwa na majivuno mengi na mafanikio machache, mwili umejaa chale za rangi, na ambaye ziwani alipenda kuvaa sketi ya kaki. Wenyeji wa Lukuga walimtazama kwa mshangao, nao hawakukosa jina la utani la kumpa.

Mwezi Juni 1915 mashua ziliondoka Uingereza. Mwanzoni mwa Agosti zilikuwa Fungurume, mwisho wa reli. Mbele yao kulikuwa na zaidi ya kilometa 200 za pori na milima ya Mitumba hadi Sankisia, njia inayopanda zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Njia ilibidi ikatwe, miti ing'olewe, madaraja yajengwe kwa magogo juu ya kila korongo. Vya kukokotea vilikuwa ng'ombe kwa makumi na trekta mbili za mvuke, mitambo mizito yenye magurudumu ya chuma na bomba la moshi. Penye mteremko mkali ng'ombe hawakutosha na trekta hazikutosha. Ikabidi kamba, kapi na watu.

Ukitafuta picha moja ya stimupanki halisi katika historia ya Afrika ya kati, ndiyo hii: trekta ya mvuke inakohoa msituni Katanga, nyuma yake mashua ya vita juu ya magurudumu. Sasa itazame kwa makini zaidi. Trekta ya mvuke haina maana bila maji, nao ulikuwa msimu wa kiangazi. Visima na vijito vilikuwa vimekauka au viko mbali. Boila ikikauka, moto unaiharibu, na msafara mzima wa ufalme wa Uingereza unakaa porini ukisubiri. Waliookoa msafara walikuwa wanawake wa vijiji vya njiani, walioajiriwa kuteka maji mbali na kuyaleta vichwani, chombo baada ya chombo, hadi matanki yajae. Mitambo ikapata mvuke, magurudumu yakazunguka. Siku chache mbele, kiu ile ile ilirudi.

Hakuna aliyeandika majina yao. Tunalo jina la mwindaji aliyetoa wazo, la kamanda aliyevaa sketi, la daktari aliyewatibu, hata majina ya mashua zenyewe. Wanawake wale wanatajwa kama idadi, pengine kama kichekesho cha njiani. Adèle Blanc-Sec angewatambua mara moja. Katika vitabu vyake yeye ndiye anayefanya kazi huku wanaume wenye vyeo wakigongana vichwa.

Mwishoni mwa Septemba msafara ulifika Sankisia, ukashika reli fupi hadi Bukama, kisha mto Lualaba uliokuwa umepungua maji hata mashua zikakwama mchangani mara kwa mara, kisha reli kutoka Kabalo kuelekea ziwani. Mimi iligusa maji ya Tanganyika tarehe 22 Desemba 1915, Toutou siku iliyofuata.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Spicer-Simson alifikisha mashua zake. Tarehe 26 Desemba, siku ya pili ya Noeli, mashua hizo ziliifukuza Kingani, chombo kidogo cha moshi cha Wajerumani, na kuiteka baada ya mapigano ya dakika chache. Ilitengenezwa, ikapewa jina jipya, Fifi, ikageuzwa kuwapiga waliokuwa wenyewe. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi ziliikimbiza Hedwig von Wissmann. Wajerumani walimimina mafuta juu ya kuni ili boila ipandishe kasi. Haikusaidia, ikazama. Lakini Goetzen ilipojitokeza, ikiwa na ule mzinga mkubwa, Spicer-Simson alikataa kutoka bandarini, na ujasiri wake ukaishia hapo.

Ndege na mzinga wa mti

Wabelgiji walikuwa na mpango wao. Ndege za majini za Kiingereza, nazo zilizosafirishwa kwa vipande kupitia mto Congo na reli, ziliunganishwa kando ya kijiziwa cha Tungwe, karibu na Tanganyika. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka hadi Kigoma na kuangusha mabomu. Hapo ndipo vita vya angani vilipofika ziwa hili, miaka 53 baada ya puto la Verne kupaa kitabuni kutoka Zanzibar. Behaeghe hakuliona pigano la mwisho. Alikufa kwa maradhi katika Congo mwishoni mwa mwaka huo huo.

Waliporuka juu ya Goetzen, marubani waliogopa mzinga ambao haukuwepo tena. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuung'oa ule wa Königsberg kwa ajili ya vita vya nchi kavu, na mahali pake wakasimamisha mzinga wa mti. Wakati huo huo, kaskazini, brigedi ya Wabelgiji iliyoongozwa na Mdenmark Frederik Olsen ilivuka Rusizi na kuitwaa Usumbura mwezi Juni 1916. Nyuma ya askari hao walitembea wapagazi. Katika kampeni nzima ya Congo ya Kibelgiji dhidi ya Wajerumani walitumika zaidi ya watu laki mbili kubeba mizigo, wake kwa waume, na wengi hawakurudi. Njaa, kuhara na homa ya mapafu viliua wengi kuliko risasi.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe karibu na Kigoma ili isianguke mikononi mwa adui. Wale mafundi watatu wa Papenburg, waliojua kila ribiti yake, walizipaka injini grisi nzito kabla ya kuiachia iende chini. Huenda kazi yao ya mwisho ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya ikiitwa Liemba.

Waliosimulia

Hadithi kubwa namna hii haikosi wasimulizi. Mwaka 1935 Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya The African Queen, na mwaka 1951 John Huston akaigeuza filamu, iliyopigwa Uganda na katika Congo, kwenye mto Ruiki. Shujaa wa kweli wa hadithi hiyo ni Rose Sayer, dada wa mmisionari, aliyeigizwa na Katharine Hepburn. Ndiye anayelazimisha mlevi mmoja na boti yake mbovu ya mvuke kushuka mto ili kuizamisha meli ya Wajerumani kwa torpedo za kujitengenezea. Rose ni ndugu wa Adèle: mkaidi, mwenye akili, asiyekubali kuambiwa kwamba jambo haliwezekani. Mamilioni ya watu duniani wanalijua ziwa letu kupitia kwake, ingawa hakuna Rose aliyewahi kulipua meli hapa.

Congo yenyewe haikukaa kimya. Nchi hii ilianza kwa kuchorwa na wengine; Tintin alitembezwa humu na Hergé kati ya 1930 na 1931 bila mchoraji wake kuwahi kufika. Lakini mwaka 1968 gazeti la Jeunes pour Jeunes lilianza Kinshasa, likazoesha wasomaji kujiona wenyewe kwenye kurasa za bede, yaani katuni. Kutoka katika nchi hiyo ya wachoraji alitokea Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959. Mwaka 2014, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, alitoa Madame Livingstone, kitabu cha katuni kuhusu vita vya ziwa Tanganyika. Rubani Mbelgiji, Gaston Mercier, anakuja kuitafuta Goetzen. Kiongozi wake wa njia ni Mwafrika mwenye damu mchanganyiko, anayevaa sketi ya Kiskoti na anayesemekana kuwa mtoto wa Livingstone.

Kitabu hicho kilifanya jambo ambalo Verne, Forester na Tardi hawakulifanya: kiliweka jicho la kati la hadithi ndani ya mtu wa nchi. Maji, milima na nyuso zimechorwa na mkono unaozijua. Hata hivyo, angalia jina lake. Madame Livingstone ni mwanamume. Ameitwa hivyo kwa ajili ya nguo. Katika vita vya ziwa Tanganyika, hata pale penye jina la mwanamke juu ya jalada, mwanamke mwenyewe bado hajaingia ndani.

Meli ya adui inarudi Uvira

Mwisho wa Goetzen haujafika. Mwaka 1996 vita viliingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka maji kwenda Kigoma. Mwaka uliofuata, baada ya Mobutu kuanguka, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliikodi Liemba kuwarudisha. Kwa muda wa miezi mitano meli hiyo ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira, ikirejesha nyumbani zaidi ya watu 75,000. Meli iliyojengwa ili kuutawala ukingo huu ndiyo iliyowaleta wenyewe. Na katika kila msafara wa wakimbizi, anayejua maziwa haya anajua nani alishuka akiwa na mtoto mgongoni, sufuria kichwani na mwingine ameshikwa mkono.

Hivyo, hoja yangu ni hii. Vitabu vya Tardi ni vizuri, na kijana wa Kalundu anayevipata avisome. Vinamfundisha kwamba mwanamke anaweza kuwa kiini cha hadithi ya mitambo na hatari, na kwamba wenye vyeo wanaweza kuchekwa. Lakini asisome akidhani kwamba mvuke, chuma na ushujaa ni mambo ya Paris ambayo sisi tunayatazama kwa mbali. Yalipita hapa, kwa uzito wake halisi, na kila kilo ya uzito huo ilibebwa na mtu. Zama za mvuke za Ulaya zilitumia makaa. Za Tanganyika zilitumia kuni na shingo za watu. Anayezichora bila kuwachora wabebaji amechora mtambo usiokwenda.

Kwa wachoraji wa Uvira, Bukavu, Kalemie, Bujumbura na Kigoma, kazi imewekwa mezani. Mmesoma Adèle, mmeona alivyofanya Baruti. Chukueni trekta ile ya Mitumba, chukueni kiangazi cha mwaka 1915, na mumpe jina mmoja kati ya wanawake wale. Mpeni ulimi mkali kama wa Adèle, kwa Kiswahili chetu. Mwacheni amuulize yule kamanda wa sketi anakokwenda na mashua juu ya mlima, na amdai ujira wake kabla ya kumwaga tone la maji ndani ya tanki. Waulizeni pia wazee wa Kalundu na Mokolubu walichosimuliwa na bibi zao kuhusu mitumbwi iliyovunjwa, kabla hao nao hawajaondoka na habari hizo. Adèle amekwisha kupata vitabu 10, cha mwisho mwaka 2022. Wabeba maji wa mwaka 1915 bado wanadai cha kwanza.